Machozi ya Kuazima

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya anakoroma, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele, ambako mwalimu mmoja wa makamo alikuwa akijitia matone machoni.

"Macho yana nini, mwanangu?" akauliza bibi aliyeketi naye.

"Makavu, bibi. Kinga ya mwili imenigeuka, imenikausha machozi. Hata vitezi vya mafuta kwenye kope vimeziba. Kila asubuhi navikanda kwa kitambaa cha moto."

"Si ungengoja ufike ndipo utie dawa?"

"Nilipomzika mume wangu sikudondosha hata chozi. Mawifi wakasema nina roho ya jiwe. Leo tunamzika mama yao."

Fundi akasahau kukoroma.

"Kwa hiyo unakwenda kuwadanganya wafiwa?" bibi akauliza.

"Uchungu ni wangu, bibi. Maji tu ndiyo ya kuazima."

Basi likasimama. Mwalimu akashuka upesi, mashavu yasije yakakauka njiani.