Maisha ya Octave Kisimba Mtwale, Mekanisiye wa Stima ya Marungu

Padri wetu, wazee, ndugu wa Kalemie, wa Uvira na wa Lubumbashi, ndugu wa Tanzania mliokuja kutoka Midrand na Alexandra, na ninyi majirani wa Troyeville ambao Benita, binti wa marehemu, atawafasiria, familia imenituma mimi, Gervais Lukwesa, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha ya ndugu yetu tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, nami nitasoma polepole ili wajukuu waliozaliwa hapa Johannesburg, wanaoelewa Kiswahili lakini wanatujibu kwa Kizulu, nao wafuate.

Octave Kisimba Mtwale alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1933 katika kijiji cha Mtoa, kaskazini mwa mji uliokuwa ukiitwa Albertville, ambao leo ni Kalemie, akiwa mtoto wa tatu wa Donatien Mtwale, mchoma chokaa, na Agnès Nyange, na akabatizwa mkesha wa Krismasi wa mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi ya misheni ya Mpala kuanzia mwaka 1941 hadi 1947, kisha akapelekwa Albertville kwa miaka miwili ya ufundi, ambako alijifunza kufua chuma, kuchora sehemu za mashine, na Kifaransa cha kutosha kusoma kitabu kinachoeleza boila, lile tangi la chuma linalochemsha maji yawe mvuke wa kuendesha mashine.

Tarehe 3 Januari 1950 aliajiriwa katika stima ya Marungu, iliyokuwa ikibeba abiria, pamba na samaki wakavu kati ya Albertville, Moba, Uvira na Kigoma, akaanza kama mpakia makaa, mwaka 1952 akawa mchochea moto, na mwaka 1955 akawa mtia mafuta wa mashine. Katika bandari yetu wakati ule vyeti vilikuwa viwili, cha mekanisiye, ambacho mwenye nacho alikabidhiwa chumba cha mashine awe na dhamana nacho, nacho kilikuwa cha Wazungu, na cha msaidizi, ambacho kilikuwa chetu, na mwenye nacho alisimama kando ya mashine chini ya macho ya mwingine. Octave alitaka kile cha kwanza na hakuficha, hata wenzake wakawa wanamtania, mmoja akimwuliza kama akikipata atavaa kofia nyeupe humo ndani ya makaa, naye akajibu, “Nitaivaa, na wewe ndiye utakayeifua.”

Mwaka 1957 mtihani wa mekanisiye wa daraja la tatu ulifunguliwa kwa Wakongomani katika bandari yetu, nao ulikuwa na sehemu tatu, hesabu kwa maandishi, michoro, na zamu ya kweli ndani ya stima, moto ukiwaka na mvuke ukiwa juu. Octave alipita hesabu na michoro, na siku ya Jumanne tarehe 14 Mei 1957 akashuka chumba cha boila mbele ya mtahini, Bwana Aerts, mkaguzi wa boila, ili apokee zamu kutoka kwa mkuu wa wachochea moto, Ignace Lukwesa. Ignace alikuwa baba yangu mzazi, na kufikia siku ile posa ya Octave kwa dada yangu Hélène ilikwisha kupokelewa nyumbani kwetu.

Nieleze kidogo kwa wasiojua kazi ile. Pembeni mwa boila kuna bomba la kioo linaloonyesha kiasi cha maji yaliyomo, nalo lina koki juu, koki chini, na koki ndogo ya kumwagia, na anayepokea zamu anatakiwa kwanza kufungua ile ndogo, maji ya kiooni yatoke yote, kisha aifunge na kuona kama maji yanarudi upesi, kwa maana kioo chaweza kuonyesha maji ambayo ndani ya boila hayamo, na boila isiyo na maji hupasuka na kuua watu wote waliomo stimani. Baba alipoinamia tanuri Bwana Aerts alizifunga koki za juu na chini bila yeye kujua, maji yakabaki kiooni yamesimama kama picha. Baba akageuka, akamwambia Octave maji yako sawa. Kwetu, kukagua kazi ya baba mkwe mbele yake ni kumwita mwongo hadharani, kwa hiyo Octave alivua kofia, akampa mikono yote miwili, akamshukuru, akashika beleshi. Mtahini alingoja, kisha akafungua koki ndogo mwenyewe, kioo kikawa kitupu na hakikujaa tena. Akamwuliza Octave alijuaje kwamba maji yapo, Octave akajibu, “Baba ameniambia,” na Bwana Aerts akaandika kwamba ameanguka, akamruhusu arudi baada ya mwaka mmoja.

Marehemu ndiye aliyeniagiza nisiache kuisoma sehemu hii. Alisema msibani watu hupenda kusifu tu, na kwamba aliyeanguka mtihani ule ndiye aliyemfundisha aliyekuja kupita.

Octave na Hélène walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Agosti 1957 katika kanisa la Albertville, na baba akacheza harusini. Mtihani wa pili ulipangwa Jumanne tarehe 10 Juni 1958, kwenye boila ileile, na wa kukabidhi zamu alikuwa tena Ignace, ambaye sasa alikuwa baba mkwe kamili. Octave aliruhusiwa kuomba mtu mwingine, akakataa, akisema kwamba katika stima mtu hachagui wa kumkabidhi zamu. Jumapili ya kabla yake mama yetu alikwenda kwa Hélène kumwomba amzuie mumewe asimwaibishe mzee, naye dada yangu, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka, alimjibu, “Mama, wewe kila ukija hapa unaonja mboga niliyopika mimi kabla ya kula, mbona mimi sijakasirika?”

Siku ilipofika baba alisema maji yako sawa, Octave akavua kofia, akampa mikono yote miwili, akamshukuru kama mara ya kwanza, kisha akakigeukia kioo, akafungua koki mbele yake, mbele ya mtahini na mbele ya wachochea moto wote. Maji yalitoka, yakarudi upesi, kwa kuwa safari hii hakuna aliyekuwa amefunga kitu, na baba alikuwa amesema kweli. Octave alipita, akawa Mkongomani wa kwanza wa bandari yetu kupata cheti kile, na baba akapanda ngazi, akafika nyumbani akasema mbele yetu wote, “Kwa mtu asiyeamini neno langu sitakula, na wanangu hawatakula.”

Wazee walipendekeza Octave apeleke mbuzi aombe msamaha. Alipeleka mbuzi, akasema anaomba msamaha kwa uchungu alioutia, lakini kwa kufungua koki haombi, kwa sababu kesho kwenye zamu ataifungua tena, na baba akamrudisha mbuzi. Hata hivyo kazini hawakuharibiana, waliendelea kupokezana zamu kwa miaka mingi, na kila mara baba alisogea pembeni mwenyewe akasema, “Fungua.” Wazungu walipoondoka Julai 1960 Octave alikabidhiwa chumba chote cha mashine cha Marungu, akavaa ile kofia nyeupe, na Februari 1962, karibu na Moba, alipopokea zamu kutoka kwa mtu mwaminifu kabisa, alikuta kioo kimeziba kwa tope na maji yamepungua mno, akaamuru moto utolewe, stima ikakaa majini kutwa nzima, abiria wakamtukana, na wote wakafika nyumbani. Baba aliposikia alimpelekea Hélène kapu la mikeke, wale samaki wa ziwa letu, ila yeye mwenyewe hakwenda kuwala. Alifariki tarehe 19 Novemba 1971 neno lake likiwa palepale, nasi wanawe tulilishika.

Marehemu na Hélène walijaliwa watoto watano, wawili wametangulia, na walio hai ni Hénock, fundi wa magari makubwa huko Midrand, Benita, mshonaji hapa Troyeville, na Pitchou aliyeko Lubumbashi, pamoja na wajukuu kumi na mmoja. Marungu ilipumzishwa mwaka 1978, Octave akahamia karakana ya bandari hadi alipostaafu mwaka 1988, na vita vilipomfukuza Kalemie alifika Johannesburg na mkewe tarehe 2 Machi 2000. Hapa cheti chake cha mwaka 1958 hakikutambuliwa, naye hakulalamika, akaomba apimwe upya, na mwaka 2001, akiwa na miaka sitini na saba, akapita mtihani wa mwangalizi wa boila kwa Kiingereza alichojifunza kwenye televisheni, akafanya kazi katika nyumba moja ya kufulia nguo huko Bertrams hadi mwaka 2009. Alipostaafu aliwafundisha vijana wetu kazi hiyo katika ukumbi wa kanisa, na wengine wao ndio waliobeba jeneza leo. Mjukuu wake Shekinah alimwambia siku moja, “Eish, babu, hata mimi huniamini nikikuambia chai ina sukari,” naye akamwambia, “Nakuamini sana, lete kijiko.”

Mimi nilifika Johannesburg mwaka 2004, nikakaa mtaa wa pili kutoka kwake, na kila Jumapili nilikwenda tukazungumza, na chakula kilipotengwa niliaga. Hakunizuia hata siku moja, alinisindikiza hadi getini, na mara nyingi alisema, “Shemeji, ningeiacha ile koki tungekula pamoja miaka yote hii, ila mimi ningekula nikiwa bado na beleshi.” Dada yangu Hélène alifariki tarehe 30 Julai 2016, na hata msiba ule sisi wa Lukwesa tulipikiwa nyumba ya jirani.

Mwaka 2023 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka, akatibiwa kwa subira, akawa anauliza maana ya kila kipimo na kuridhika akielezwa, na Ijumaa tarehe 6 Juni 2025 akafariki hospitalini akiwa na miaka tisini na mmoja, Hénock na Benita wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, Padri na wanakwaya, majirani wa Troyeville waliotuletea viti na hema bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Bertrams, na wanafunzi wake wote.

Limebaki neno moja, nalo si la familia ya Kisimba, ni la familia ya Ignace Lukwesa, ambayo mimi ndiye mkubwa wake aliyebaki. Jumapili iliyopita tulizungumza kwa simu na ndugu zetu wa Kalemie na wa Moba, tukakubaliana sote, na nimetumwa niseme mbele ya mashahidi wengi. Baba yetu alisema kweli siku ile, na Octave alifanya vyema kuitazama kweli hiyo kwa macho yake, na hatuoni tena kwamba mmoja wao lazima awe amekosa ili mwingine awe na haki. Neno la kutokula limekwisha leo. Tukitoka makaburini sisi wa Lukwesa hatutakwenda kwa jirani, tutakwenda kwa Octave.

Hénock, mwanangu, waambie wa jikoni waongeze sahani nane.

Shemeji Octave, mekanisiye wa Marungu, pumzika kwa amani.