Historia ya Mihayo Mboje, Aliyekuwa Ameanza Kumeza Tena

Ndugu waombolezaji mliofika hapa Kasoli kutoka Zagayu, Mwamanyili na Bariadi mjini, poleni na msiba, mjane wa marehemu, Mama Wilhelmina, ameagiza historia hii isomwe yote bila kurukwa mstari, na anayeunguzwa na jua ahamie kivulini, ila kaka wa marehemu, Mzee Ndalahwa, aliyeketi mbele, abaki hapohapo alipo.

Mihayo Mboje alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapahapa Kasoli, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akalima pamba, na tangu mwaka 1981 akawa mnadi wa ng'ombe katika minada ya Bariadi, mwenye sauti iliyouza hata dume lililokonda. Tarehe 20 Oktoba 1984 alifunga ndoa kanisani na Wilhelmina, wakajaliwa watoto watatu, Winnie, Nyanda na Joyness.

Tarehe 6 Februari 2024 alipatwa na kiharusi, mkono uliopooza ukarudi kidogo lakini koo likagoma, kila alichomeza kikaelekea mapafuni, ikabidi alishwe kwa mpira wa puani, na Mama Wilhelmina, aliyempikia mume huyo tangu ujana, akawa anamimina uji kwenye mpira kisha anakwenda kulia jikoni, maana alichokitaka duniani ni kumwona akila tena kwa mdomo wake. Mwezi Aprili alimpata tabibu Klementina Sayi, aliyesomea tiba ya sindano za Kichina, zile nyembamba kama unywele, ambaye kwa ruhusa ya daktari alimchoma Mihayo shingoni na chini ya kidevu, huku akimfundisha mazoezi ya kumeza, wala hakuahidi muujiza, alisema tujaribu. Tarehe 19 Mei Mihayo aliinamisha kidevu kifuani kama alivyofundishwa, akameza kijiko cha uji mzito, ukashuka salama, na mkewe akapiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna posa.

Mzee Ndalahwa hakufurahi, alitangaza kwamba sindano kazi yake ni kushona, na hajaona mlango ukishonwa ili ufunguke, akamfukuza tabibu kwa fimbo mbele ya wakwe, na Mama Wilhelmina alipokwenda mjini kumbembeleza tabibu arudi, huku nyuma mzee akauchomoa mpira, akamnywesha mdogo wake maziwa ya kibuyu, akijigamba kwamba mabele, yaani maziwa, ya nyumbani hayajawahi kumkaba Msukuma. Yalimkaba, mapafu yakaoza, akafariki hospitalini tarehe 2 Juni 2024, na jioni hiyo mzee alikula ugali, akaomba aongezewe mboga.

Wapo watakaonong'ona kwamba marehemu hasemwi vibaya, ni kweli, na hapa hasemwi marehemu, anasemwa aliye hai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji, wenzake wa mnadani, na kwa namna ya pekee tabibu Klementina, ambaye Mama Wilhelmina amemteua atangulie kutupa udongo kaburini, nafasi ambayo kwa desturi ni ya kaka mkubwa, naye kaka mkubwa hataitwa kabisa, si mwanzo wala mwisho.

Mihayo Mboje, lala kwa amani, amani yote ni yako, mkeo amekataa kumgawia Ndalahwa hata tone.