Kinyama cha Kifuani

Kwenye basi la Singida, mama mmoja alikuwa ameinua kope la jicho kwa kidole ili lisijifunge.

"Kinga yangu ya mwili inapigana na misuli yangu mwenyewe," alimweleza mzee wa kiti cha pili. "Daktari anataka kunipasua kifua atoe tezi. Mimi nimeng'ang'ana na vidonge. Kimoja kinanishikia kope masaa manne."

"Pasuliwa, mama," alisema mzee, mchinjaji wa Mtinko. "Hicho kinyama nakijua. Ndama wanacho, ng'ombe mkubwa hana. Nimekitoa kwa ndama wengi kwa mkono huu."

Bingwa kabisa, koti jeupe tu ndilo lilikosekana.

Mama aliinua na kope la pili, amwone vizuri. "Na hao ndama, baba, walipona wangapi?"

Basi likasimama Ihanja, kabla ya kufika Singida. Mzee akashuka, na tiketi yake ilikuwa ya Singida.