Dada Taratibu, Mchoma CD

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja na msiba huu. Dada Taratibu ametutoka. Yule mchoma CD wa nyuma ya saluni, Dada Taratibu, hatunaye tena.

Jina hilo walimpa wateja kwa utani. CD ikiwa inachomwa, kompyuta haiguswi. Alifunga kila programu, akachomoa waya wa intaneti, akapunguza kasi hadi ya chini kabisa. Kisha aliketi, mikono mapajani, kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike.

"Mshika mawili moja humponyoka," aliwaambia. "Na kompyuta hii ni mzee. Ikikwama, wimbo unakatika, CD ni ya kutupa."

Kaka yake, aliyefanya kazi naye katika kibanda hicho cha nyuma ya saluni, yalimchosha hayo. Yeye ni mtu wa mbio. Alichoma kwa kasi ya juu huku akichapa barua za watu, na wateja wakamrudishia CD zinazorukaruka. Hata hivyo, mwenye kasoro machoni pake alikuwa dada.

Mpaka siku ya sauti ya mama yao. Marehemu mama aliacha kaseti moja tu, yenye wosia kwa wanawe. Dada Taratibu aliiingiza kwenye kompyuta, na ilipofika mwisho utepe ukakatika. Sauti ya mama, wasikilizaji, ikabaki ndani ya mashine ile tu, nayo ilikuwa imeanza kuzimikazimika. Akaanza kuichoma. Mara akaingia mteja na barua ya haraka. Kaka akanyoosha mkono kwenye kipanya, dada akaushika.

"Kaka, mteja atarudi. Mama harudi."

Kaka akamwomba mteja radhi. Wakakaa wawili, mikono mapajani, hadi CD ikatoka nzima. Wiki haikuisha, kompyuta ikafa.

Tulimwomba kaka sauti ya Dada Taratibu mwenyewe ili tuwasikilizishe leo. Alipekua CD zote kibandani. Zimo kwaya, zimo harusi, yumo mama.

"Ameniachia sauti za watu wote," alituambia, wala hakuficha machozi. "Yake haimo. Sikuwahi kukaa nikamrekodi. Kila siku nilikuwa na haraka."

Kwako kaka, na kwa jamaa wote, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nawe unayetusikiliza, kama umpendaye yuko hapo karibu, zima redio hii kidogo. Mrekodi akiongea, na usimharakishe.