Maji Yanakulaje Zege?

Kijiwe chetu cha Ihumwa ni ubao mmoja juu ya matofali yaliyokataliwa saiti. Hapo mafundi tusio na kazi tunakunywa kahawa na kuwasema wenye kazi. Siwafichi, wivu tunao. Jana alasiri Msafiri, fundi mwashi tunayemwita Pimamaji, alifika kavimba. Mkewe Mwanahawa kapata kibarua kwenye handaki la reli: anagonga kuta kwa nyundo asikilize palipooza, na maji yanayovuja anayakinga kwenye chupa wakayapime.

— Kesho haendi! Ndani kwangu nimekuta chupa ya maji imeandikwa “Wambura”!

— Wambura si injinia wao? aliuliza Zablon, mtoa kopi wa chuo kikuu pale Chimwaga, ndiyo maana tunamwita Profesa.

— Huyo huyo! Namuuliza maji ya nini, ananijibu ati maji yanakula zege la handaki. Ananiambia mimi! Miaka ishirini namwagilia zege siku saba liive. Maji ndiyo maziwa yake! Mke akikudanganya kitoto hivyo, ujue kuna mtu.

— Kuna chumvi, Pimamaji, alisema Profesa. Inaitwa salfeti, imo kwenye maji ya mlimani. Ikipenya inavimba humo humo kama maharage uliyoloweka, zege linapasuka, mwisho linabaki uji.

— Hiyo umeisoma kwenye kopi ya nani?

— Salfeti wapi! akadakia Matonya, mpiga lipu. Lile ni jini la mlima, linatafuta mke. Na huyo Wambura ndiye mshenga. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

— Nani kavua nguo?

Msafiri alikuwa kashamkwida shati Matonya tulipomwona Mwanahawa anakuja, buti zimejaa unga mweupe.

— Hamjambo, shemeji zangu? Mume wangu, nakutafuta wewe. Zege lililooza linabanduliwa, watamwaga jipya la simenti inayohimili ile chumvi. Wambura kasema nimtaje fundi mmoja ninayemwamini, ila awe anakubali kwamba maji yale yanakula zege. Nikutaje?

Pimamaji aliliachia shati la Matonya.

— Shemeji, alisema Matonya, mkono juu. Mimi nakubali. Ile ni salfeti tupu!

Msafiri akamgeukia taratibu. Jicho lote alilokuwa kamwekea Wambura likahamia kwa Matonya.