Mzee Mkasi, Mkataji Aliyemwomba Binti Yake Radhi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukata vitambaa katika kiwanda chetu cha sare, mkuu wa meza ya kukatia, ambaye sote humu tunamwita Mzee Mkasi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike machache juu yake kwa sababu meza yangu ya pasi inapakana na yake na kwa sababu, walivyosema wao, mdomo wangu haujui likizo. Sababu zote mbili nimezikubali.

Alianza hapa kama mfagiaji. Fundi wa enzi hizo alimkuta akipanga vipande vya nguo sakafuni hadi vikatoa umbo la koti, akamnyang'anya ufagio na kumpa chaki. Tangu hapo amewakatia sare wauguzi, walinzi, wapishi, wanafunzi na wanakwaya. Mkewe analalamika kwamba kwaya ikisimama kuimba, mumewe hukagua mabega ya joho badala ya kusikiliza wimbo. Chai yake hutiwa sukari ya watu wawili. Ukitumia mkasi wa nguo kukatia karatasi, siku hiyo usimsogelee. Na akikata kitambaa huimba mapambio, kwa sauti ambayo tumeizoea.

Huwezi kumweleza mtu huyu bila kueleza nyumba yake. Mkewe ni mwalimu wa shule ya Jumapili, kijana wao mkubwa ni fundi bomba, na binti yao wa mwisho tunafanya naye kazi humu humu. Nyumba hiyo ina desturi moja: jioni hawaombi, wala hawali, ikiwa kuna wawili wamekosana na hawajapatana. Wanaamini kwamba huwezi kumfikishia Mungu sala huku umempa ndugu yako mgongo. Watoto walipokuwa wadogo waliigeuza kuwa silaha. Siku moja baba yao alimfokea jirani juu ya mfereji wa maji machafu, na wao wakakunja mikono mezani mpaka mzee akavaa viatu, akaenda kwa jirani na kurudi. Ndivyo alivyowalea, kwa kumtii Mungu na kuwatii wazazi, na wakawa watiifu kweli.

Lililompata katika oda ya sare za shule ya bweni lilitokana na utiifu huo. Hadithi ya nyumbani katika mkasa huu alitusimulia mwenyewe, na mkewe akamsahihisha pale alipotia chumvi.

Kitambaa cha oda ile kilikuwa na upande mmoja unaong'aa na mwingine uliofifia. Kitambaa cha namna hiyo hutandazwa tabaka kwa tabaka, nyuso zikitazamana, ili ukikata mara moja upate mkono wa nguo wa kulia na wa kushoto. Siku hiyo Mzee Mkasi alimwelekeza binti yake, ambaye wakati huo alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, ayatandaze matabaka yote mng'ao juu. Alikusudia kukata nusu ya kwanza, kisha aigeuze karatasi ya kipimo na kukata nusu ya pili. Pambio likakolea, na karatasi haikugeuzwa. Mafundi wa cherehani walipoanza kushona, wakagundua kwamba kiwanda kizima kina mikono ya kushoto tu.

Meneja akaja amekunja uso, akataka kujua nani ametandaza. Binti akasema ni yeye, na kwamba alitandaza alivyoelekezwa. Hapo ndipo Mzee Mkasi, ambaye hatukuwahi kumsikia akimgombeza hata paka wa stoo, alipompigia kelele binti yake mbele yetu sote. Alimwambia anyamaze, mtoto hajibizani na mzazi, na hiyo ni amri ya Mungu. Binti akanyamaza. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka. Meneja akasema asubuhi yake atamwandikia barua ya kumwachisha kazi. Sisi tulibaki tumeinamia kazi zetu kwa aibu ambayo haikuwa yetu.

Jioni mezani binti alikuwepo, lakini hakutoa neno. Mama alipomuuliza, alimnong'oneza kwamba baba amemwamuru anyamaze na yeye anatii. Baba akasema tuombe. Mkewe hakufumba macho. Kijana mkubwa akaangalia sahani yake. Mzee Mkasi akaomba peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na alipofika mwisho hakuna aliyeitikia. Sala ikaning'inia pale juu ya meza, na chakula kikapoa. Anasema alijua tangu kiwandani kwamba kosa ni lake, na kwamba alifoka kwa sababu alijua. Akamwambia mkewe kwamba ataenda kuzungumza na mtoto faraghani, yaishe. Mkewe akamuuliza kitu kimoja tu: je, alimkosea faraghani?

Asubuhi walikuja pamoja, yeye mbele, binti nyuma yake akija kuchukua vitu vyake. Kabla mashine hazijawashwa, Mzee Mkasi alisimama mbele ya meza ya kukatia, akatuomba tumsikilize. Alisema maelekezo yalikuwa yake na kosa ni lake. Kwamba alijificha nyuma ya mtoto wake, na kibaya zaidi, alimtumia Mungu kama pazia. Kisha akamgeukia binti yake, akampa ruhusa ya kusema, na akamwomba radhi. Meneja alikuwa amesimama mlangoni na barua yake mkononi.

Binti akasema neno moja: amina. Lilikuwa jibu la ile sala ya jana. Wengi wetu hatukujua hilo wakati ule, lakini tuliitikia hata hivyo, na mimi nililia na sioni haya kusema.

Barua ile haikutumika. Mzee Mkasi alishushwa cheo, akawa mtandazaji, na kwa miezi kadhaa alipokea bila kununa maelekezo ya kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Ile mikono ya kushoto ya wanafunzi wakubwa, binti yake ndiye aliyeshauri ikatwe upya iwe ya kulia ya wanafunzi wadogo, na oda ikafika kwa wakati. Aliporudishiwa cheo chake hakubadili chochote, ila alipowaelekeza vijana alianza kuwauliza kama wao wameona kasoro. Wakati mwingine walikuwa wameiona.

Wiki hii amekuwa akizunguka meza kwa meza akimuuliza kila mmoja kama kuna mahali alimkosea, ili asiondoke nalo. Kwangu alikunywa chai yangu yote. Meza ya mwisho ilikuwa ya binti yake, ambaye kuanzia Jumatatu ndiye mkuu wa kukatia. Mashine zilikuwa zikinguruma, hatukusikia walichoambiana. Tuliona tu mzee ameinamisha kichwa, na binti ameweka kiganja juu ya mvi zake, anamwombea.

Tunamshukuru mkewe na watoto wake kwa kutuazima mtu wao muda wote huu. Na wewe, mzee wetu, asante. Mungu uliyemtii mbele ya macho yetu, siku ambayo kumtii kulikugharimu heshima yako, akutunze wewe na nyumba yako yote.