Mama Kufuli, Aliyetukataza Salamu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Kufuli anakabidhi chumba cha mawasiliano ya siri cha ofisi yetu ya mitihani. Namshukuru Mungu kwamba mimi, dereva wa lori la mitihani, ndiye niliyeombwa kuandika haya.

Alikuja kwetu akitoka kufundisha hesabu. Wakati ule njia ya malori tuliituma vituoni kwa fumbo la kizamani, lilelile la majemadari wa kale: kila herufi inasogezwa mbele hatua tatu, "mama" inakuwa "pdpd". Tukajiona wajanja kweli. Ila tulikuwa watu wa adabu, na kila ujumbe ulianza na salamu ileile: habari za kazi, habari za nyumbani.

Mama Kufuli akasema salamu hizo ndizo zitakazovujisha mtihani. Mkuu wetu wa enzi hizo, Mungu amrehemu, akaja juu: kumwandikia mtu bila salamu ni sawa na kumkanyaga! Akazivuruga herufi zote upya, akamkabidhi ujumbe amkomeshe. Mama akaenda zake kantini. Kwa kuwa alijua ujumbe unavyoanza, alilinganisha herufi na salamu, nyingine zikajitaja zenyewe, na chai ikiwa bado ya moto akarudi kumwambia lori langu litapita barabara gani. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaitazama kalenda. Mtihani ulikuwa wiki ileile, na watoto walikuwa wamekesha kwa ajili yake. Salamu zikafutwa papo hapo.

Kompyuta zilipoingia, alituelewesha hata sisi tulioishia darasa la saba. Kila kituo kinagawa kufuli lililo wazi. Yeyote anaweza kulibana juu ya ujumbe anaokitumia kituo hicho, lakini ufunguo wa kulifungua hautoki kituoni. Hapo ndipo jina lilipomganda. Adui aujue mtambo wetu wote, alisema, mradi ufunguo hana. Binti yake, mwaka alipokuwa mtahiniwa, alilalamika kwamba mama hamwambii hata kinachopikwa jioni.

Mikononi mwake hakuna mtihani uliovuja. Watoto wa watu walivuna jasho lao wenyewe, nasi tunatembea kifua mbele.

Mama, maandishi haya hayana siri, basi pokea salamu zote ulizotukataza: habari za kazi, habari za nyumbani, habari za binti yetu? Asante sana. Mungu akujalie maisha mema, marefu kuliko salamu zetu za zamani.